Samaki wa Mto Kalamazoo na ujauzito: tule, tupunguze au tuache?

"Daktari, salamu. Sisi ni familia ya Wakongo, tulipitia kambi ya Nyarugusu na sasa tuko Grand Rapids, Michigan. Nimekulia kandokando ya Ziwa Tanganyika, na uvuvi ndio kitu cha nyumbani nilichokikuta huku bila kubadilika. Tangu joto lianze navua Mto Kalamazoo, mara nyingine Mto Grand, na tunakula samaki mara nne kwa wiki: kapi, kambare, bass. Vichwa tunapikia supu, wengine nawakausha kwa moshi. Kando ya mto kuna kibao cha onyo, lakini wenzangu wanasema kimewekwa kutufukuza sisi wageni, maana maji ni safi na samaki wako hai. Hata hivyo huwa nawaloweka kwenye ndimu na chumvi usiku kucha. Sasa mke wangu ana mimba ya miezi minne, na muuguzi alipoyasikia haya alishtuka. Watoto wengine wana miaka mitatu na saba. Je, tumeshamdhuru aliye tumboni? Tuache samaki kabisa? Tupimwe? Kuna mtu anauza dawa ya kusafisha damu kwa dola 80. Na kwa nini nikisoma habari hizi naona wanatajwa Weusi, wahamiaji na wenyeji wa asili tu? Kwani miili yetu ina nini?"

Ndugu yangu, salamu zimefika. Nitayajibu yote, ila naanza na lile linalokunyima usingizi. Kwa uwezekano mkubwa mtoto wenu yu salama; miezi michache ya kula samaki wa mto haigeuzi ujauzito kuwa msiba. Lakini muuguzi hakushtuka bure. Kapi na kambare wa Mto Kalamazoo si chakula cha mjamzito, si chakula cha mtoto wa miaka mitatu, na ukiniuliza mimi, si chako pia. Hao waacheni leo. Samaki kwa jumla msiwaache. Na hizo dola 80 zibaki mfukoni mwako, nitakueleza kwa nini.

Hoja ya wenzako, kwamba maji ni safi na samaki wako hai, ina mantiki yake. Kwenye ziwa ulilokulia, samaki aliyeleta madhara alikuwa aliyeoza, au aliyepikwa vibaya. Jicho na pua vilitosha kumtambua, na moto ulimaliza shaka. Huko adui ni kijidudu, na kijidudu hufa kikichemshwa, chumvi humdhoofisha, moshi humkausha. Hapa tunazungumzia kitu ambacho hakijawahi kuwa hai, kwa hiyo hakuna cha kuua. Hakina harufu, hakibadilishi rangi ya mnofu wala ladha ya supu, na samaki aliyekibeba huogelea na kunenepa kama kawaida. Ndimu inaondoa shombo. Sumu ya aina hii haiigusi.

Katika mito unayovua kuna makundi matatu ya sumu ambayo lazima uyatenganishe, maana dawa ya moja si dawa ya jingine.

La kwanza linaitwa PCB. Ni mafuta ya viwandani yaliyotengenezwa kwa makusudi, yakatumika kwenye transfoma, rangi, na hata kwenye karatasi za kuandikia nakala bila kaboni. Bonde la Kalamazoo lilikuwa bonde la viwanda vya karatasi. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda hivyo vilirejeleza karatasi za ofisini, zikiwemo hizo za nakala, na PCB iliyotoka humo ikamwagwa mtoni pamoja na maji machafu. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wa PCB mwaka 1979. Mwaka 1990 mto huo ukaingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya maeneo yanayopaswa kusafishwa kwa nguvu ya sheria, na usafishaji umeendelea kwa miongo. Tatizo ni kwamba PCB haipendi maji, inapenda mafuta na tope. Ndiyo maana maji unayoyaona ni safi kweli, na wenzako hawasemi uongo. Sumu imelala chini, kwenye tope, na kapi na kambare ndio wanaokula huko huko chini, nao ni samaki wenye mafuta mengi. Kwa sehemu ndefu ya mto huo mwongozo wa jimbo umekuwa ukisema wasiliwe kabisa, na mtu yeyote.

La pili ni zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo kwetu huitumia kukamatia dhahabu. Huku sehemu kubwa imeingia angani kutokana na kuchoma makaa ya mawe, ikashuka na mvua kwenye maziwa na mito, hata yale ambayo hayajawahi kuona kiwanda. Ikifika kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huibadili kuwa methili-zebaki, na hapo ndipo inapopata mlango wa kuingia kwenye chakula. Mdudu wa majini huibeba kidogo, samaki mdogo hula wadudu maelfu, samaki mkubwa hula wadogo maelfu. Ni kama madeni ya kurithi: anayekula hubeba yote ya walioliwa. Mwisho wa mnyororo, mnofu wa samaki mla samaki mwenye umri mkubwa unaweza kuwa na zebaki zaidi ya mara milioni moja kuliko maji anamoogelea. Kwa hiyo bass mkubwa, pike au walleye wa kujivunia, yule ambaye mvuvi hupiga naye picha, ndiye mwenye zebaki nyingi kuliko samaki wadogo wa maji yale yale.

La tatu ni kemikali ziitwazo PFAS, zilizotumika kufanya ngozi, nguo na vyombo visipenywe na maji wala mafuta, na pia katika povu la kuzimia moto. Huko kwenu Mto Rogue unaoingia Mto Grand ulichafuliwa na taka za kiwanda cha ngozi cha Rockford. Hizi hujishika kwenye protini na kwenye ini na damu ya samaki.

Tazama sasa jikoni kwenu. PCB inakaa kwenye mafuta, kwa hiyo ukitoa ngozi, ukakata mafuta ya tumboni, ya mgongoni na yale meusi ya ubavuni, kisha ukachoma juu ya wavu mafuta yakadondoka, unaweza kuipunguza hadi nusu hivi. Lakini methili-zebaki imeshikamana na protini ya mnofu wenyewe. Kata utakavyokata, kaanga, chemsha, loweka, iko pale pale. Na kukausha kwa moshi kunaongeza jambo ambalo watu hawalifikirii: maji yanatoka, sumu inabaki, kwa hiyo gramu 100 za samaki mkavu zinabeba zaidi kuliko gramu 100 za samaki mbichi. Supu ya kichwa nayo ni habari ya PCB, kwa sababu kichwani kuna mafuta, nayo huyeyukia kwenye mchuzi, na mchuzi sisi hatuumwagi. Maini, mayai na utumbo ni hivyo hivyo. Kwa samaki wa mito hii, viungo hivyo vitupeni. Najua neno "vitupeni" linaumiza kwa aliyelelewa kuona kichwa kikiwekewa mgeni wa heshima. Kichwa kitapatikana kwa samaki mwingine, nitamtaja.

Nije kwenye swali lako la mwisho, maana ndilo lenye hasira, na hasira hiyo ina haki. Miili yenu haina kitu chochote. Ini la Mkongo na ini la mzungu wa Michigan hushughulikia zebaki kwa njia moja. Tofauti iko kwenye kiasi, kwenye sehemu ya samaki inayoliwa, na kwenye nani alifikiriwa wakati kanuni zinaandikwa.

Kwa miaka mingi serikali ya Marekani ilipokokotoa mto unapaswa kuwa safi kiasi gani ili samaki wake waliwe, ilimkadiria mlaji wa kawaida kuwa anakula gramu 6.5 za samaki kwa siku. Hiyo ni kama gramu 195 kwa mwezi mzima, yaani mlo mmoja. Mwaka 1994 tume ya uvuvi ya makabila ya Mto Columbia, kule magharibi, ilitoa matokeo ya kuwauliza watu wa Yakama, Umatilla, Nez Perce na Warm Springs wanakula kiasi gani. Wastani wa watu wazima ulikuwa gramu 58.7 kwa siku, mara tisa ya makadirio. Kwao salmoni ni chakula, ni ibada, na haki ya kumvua imeandikwa kwenye mikataba ya mwaka 1855. Baada ya mabishano marefu, jimbo la Oregon lilipandisha kipimo chake hadi gramu 175 mwaka 2011. Sasa jipime wewe: ukila gramu 250 mara nne kwa wiki, umefika karibu gramu 143 kwa siku, zaidi ya mara 20 ya yule mlaji wa kwenye karatasi. Isitoshe, yule wa kwenye karatasi hula mnofu mweupe usio na ngozi. Vichwa na matumbo hakuhesabiwa navyo.

Kuna mifano mizito zaidi. Kaskazini mwa Ontario, Kanada, kati ya mwaka 1962 na 1970 kiwanda cha karatasi cha Dryden kilimwaga tani takriban tisa za zebaki kwenye mfumo wa mito Wabigoon na English. Watu wa jamii ya asili ya Grassy Narrows waliishi kwa samaki wa mito hiyo, kwa kula na kwa ajira. Uvuvi wa biashara ulifungwa mwaka 1970, kazi zikaisha, na madhara ya kiafya yanaonekana hadi kizazi hiki. Kwa hiyo ukiona jamii hizi zinatajwa tajwa, maana yake ni kwamba zinaishi karibu na tope chafu, zinakula samaki zaidi kwa sababu za mila na za mfuko, na taarifa huwafikia mwisho, kwa lugha isiyo yao. Mwaka 1994 Rais Clinton alitia saini amri iliyozitaka taasisi za serikali zichunguze watu wanaotegemea samaki wa kuvua wenyewe. Amri hiyo ilifutwa Januari 2025. Kwangu mimi kibao cha Kiingereza kwenye ukingo unaovuliwa na Waswahili, Wakongo na Waburma ni nusu ya kazi. Lakini kisikufanye ukidharau kilichoandikwa. Hakikuwekwa kukufukuza. Kinawahusu na wazungu wanaovua hatua kumi kutoka ulipo wewe.

Turudi kwa mama watoto. Kwa nini mjamzito? Methili-zebaki ina hila: ikishikana na kipande kimoja cha protini hufanana na kirutubisho ambacho mwili unakihitaji, kwa hiyo kondo la nyuma linaipitisha badala ya kuizuia, na hata ukuta unaoulinda ubongo unaifungulia mlango. Damu ya mtoto tumboni huishia kuwa na zebaki nyingi kuliko ya mama yake. Dunia ilijifunza hili kwa uchungu huko Minamata, Japani, ugonjwa ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956: akina mama waliokuwa na dalili ndogo, au wasio na dalili, walijifungua watoto waliodhurika vibaya ubongo. Minamata ilikuwa mmwagiko wa kiwanda moja kwa moja kwenye ghuba ya wavuvi, viwango vya kutisha. Kwenu si hivyo. Kwa viwango vya walaji samaki wa kawaida, tunachokitafuta ni tofauti ndogo za kumbukumbu, lugha na umakini, zinazoonekana kwenye vipimo vya mamia ya watoto na mara nyingi hazionekani kwa mtoto mmoja aliye mbele yako.

Hata wanasayansi hawakukubaliana kirahisi. Katika visiwa vya Faroe, ambako akina mama walikula nyama ya nyangumi, watoto walionyesha upungufu. Huko Shelisheli, majirani zetu wa bahari, akina mama walikula samaki wa baharini karibu kila siku, na watafiti hawakupata madhara ya wazi yanayojirudia. Maelezo ninayoona yana uzito ni kwamba samaki humpa mtoto mafuta ya omega-3, iodini na protini zinazojenga ubongo ule ule tunaouhofia, na kwamba nyangumi alibeba na PCB pia. Ndiyo maana sisemi "acheni samaki". Mama anayekimbia samaki wote kwa hofu humnyima mtoto kitu.

Kuhusu yaliyokwisha kuliwa: zebaki haikai milele. Mtu mzima akiacha chanzo, nusu ya kiasi kilicho mwilini hutoka katika takriban miezi miwili, kisha nusu ya iliyobaki, na kuendelea. Mkibadili samaki leo, mimba ikiwa ya miezi minne, kiwango cha mama kitashuka sana kabla hajajifungua, na ubongo wa mtoto hukua kwa kasi hasa katika miezi hiyo ya mwisho. PCB ni tofauti. Hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka, nyingine zaidi ya 10. Hiyo haiondolewi kwa haraka, kwa hiyo faida yote iko kwenye kutoongeza. Na iwapo mtu atawaambia mama asinyonyeshe kwa sababu ya sumu kwenye maziwa, msimsikilize. Anyonyeshe.

Mle nini, basi? Ushauri wa taasisi za shirikisho, yaani serikali kuu ya Marekani, kwa mjamzito ni gramu 225 hadi 340 kwa wiki za samaki wenye zebaki kidogo, yaani milo miwili au mitatu. Hapo kuna sardini, salmoni, sato wa dukani, kambare wa kufugwa na samaki wadogo kama dagaa. Sardini wa kopo ni rahisi kuliko nyama, na mama akiwa kwenye WIC, mpango wa serikali wa chakula kwa wajawazito na watoto wadogo, aulize kama samaki wa kopo wamo kwenye kifurushi chake. Kichwa cha supu tafuta cha salmoni. Maduka mengi ya Waasia huuza kwa bei ndogo. Papa, marlini na jodari wa macho makubwa asile. Mtoto wa miaka mitatu anatosheka na kama gramu 30 kwa mlo, wa miaka saba gramu 60, mara mbili kwa wiki.

Na mto? Sikuambii utundike ndoano. Kuvua kunakupa zaidi ya kitoweo, naelewa. Jimbo la Michigan hutoa mwongozo wa bure unaotaja kila mto, kila samaki na urefu wake, na mara ngapi kwa mwezi aliwe. Kipimo chake cha mlo kinafuata uzito wa mlaji: mtu wa ratili 180 (kama kilo 82) mnofu wa aunsi 8 (kama gramu 225), mwenye ratili 90 aunsi 4, mtoto wa ratili 45 aunsi 2. Kiganja chako pamoja na vidole ni kama aunsi 8. Kwa ujumla pendelea samaki wadogo wanaokula wadudu, kama bluegill na perchi, badala ya wakubwa na wa chini ya tope, na pendelea ziwa la ndani lisilo na historia ya viwanda kuliko Kalamazoo. Ila usikisie: PFAS imepatikana hata kwa bluegill katika baadhi ya maji, na kutoa mafuta hakuiondoi. Ukivua mahali pasipotajwa kabisa, shirikisho linashauri mlo mmoja tu wa samaki huyo kwa wiki hiyo, bila samaki mwingine. Mama watoto, kwa miezi hii iliyobaki, ningependa ale wa dukani tu. Samaki wa ziada usimgawie jirani mwenye mimba kwa ukarimu bila kumwambia ametoka wapi.

Kupimwa: kwa mke wako ningeomba kipimo cha zebaki kwenye damu, kwa kuwa ni mjamzito na mmekuwa mkila mara nne kwa wiki. Ni sindano moja, pamoja na vipimo vya kliniki. Kiwango kinachotumika kama mstari wa tahadhari ni mikrogramu 5.8 kwa lita. Akiwa juu yake asizimie: mstari huo umewekwa mara 10 chini ya kiwango kilichohusishwa na madhara huko Faroe, makusudi, ili kuacha nafasi ya usalama. Maana yake ni kubadili samaki na kupima tena baada ya miezi miwili au mitatu. PCB msihangaike kuipima. Namba yake haimsaidii daktari kuamua lolote.

Mkienda, mtaje na krimu za kung'arisha ngozi kama mtu yeyote nyumbani anazipaka. Nyingi zinazouzwa bila lebo ya kueleweka zina zebaki, ya aina tofauti na ya samaki, inayoharibu figo na kumfikia mtoto kwa taulo na mikono ya mama. Hiyo hutafutwa kwenye mkojo. Nimeona watu wakiwalaumu samaki bure.

Hiyo dawa ya kusafisha damu: dawa za kweli za kuvuta metali mwilini zipo, hutolewa hospitalini kwa walioathiriwa na sumu kwa kiwango kikubwa, na zinaweza kuvuruga kalsiamu ya damu na kuua zikitumiwa ovyo. Za chupa za barabarani hatujui zina nini. Mjamzito asiguse mojawapo.

Muoneni daktari bila kusubiri miadi iwapo yeyote kati yenu anapata ganzi au kuchomachoma mdomoni na vidoleni kusikokwisha, anayumba akitembea, anaona kama kwenye bomba, au maneno yanamkwama. Sidhani mtafika huko, na dalili hizo zina sababu nyingine nyingi, lakini hazisubiri. Watoto, kama mnaona kuongea au kutembea kumechelewa, semeni wazi kwa daktari wa watoto; msaada wa mapema hufaa sababu iwe zebaki au isiwe. Kituo cha sumu cha taifa hupokea simu mchana na usiku, bure, namba 1-800-222-1222, nao huunganisha mkalimani: sema tu "Swahili". Kliniki na hospitali zinazopokea fedha za shirikisho zinawajibika kuwapa mkalimani bila malipo, kwa hiyo mtoto wenu wa miaka saba asifanywe mkalimani wa mama yake katika mazungumzo haya. Na kwa muuguzi nendeni na orodha: samaki gani, mto gani, mara ngapi kwa wiki, sehemu gani mlikula, tangu mwezi gani.